Kila jioni nashona mshono mmoja wa rangi ya siku yangu. Miezi kumi na tatu sasa, na nimejua mambo niliyokuwa sijui kuhusu mimi mwenyewe

Cherehani ya Mbuyuni (mleta uzi)

Habarini za jioni wana jukwaa, na shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, mama wa miaka 46. Nashona magauni na sare za shule, na ikifika Novemba ni harusi na vipaimara mpaka Krismasi. Uzi huu ni mrefu. Nimeuandika kwa siku mbili nikisubiri wateja, naomba mnivumilie.

Mtu akikuuliza "habari za leo" unajibu "nzuri", hata kama nyumbani umelaza mgonjwa. Unaanza na "nzuri", halafu unatia "ila". Nzuri, ila mtoto hajalala. Salama, ila tumefiwa. Ndivyo tulivyolelewa na sioni ubaya wake, maana anayekuuliza naye ana yake. Lakini mimi nilifika mahali nikawa najijibu hivyo hivyo mwenyewe, na ile "ila" ikapotea kabisa.

Mwaka juzi moyo ulianza kunienda mbio nikiwa nimekaa tu. Kichwa kinakaza upande mmoja kama nimefungwa kamba. Usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi. Nikaenda kupima. Malaria hakuna, presha iko sawa, taifodi wakasema ipo, nikameza dawa. Baada ya mwezi nikarudi, taifodi tena. Nilizunguka sehemu tatu. Pesa niliyotumia ningenunua cherehani ya pili.

Mwishowe nikakutana na daktari mmoja kijana, sawa na mwanangu wa kwanza. Akaniuliza, "Mama, wiki mbili hizi umekuwaje?" Nikamjibu, "Kawaida tu daktari, hii ni Januari, Januari huwa inanimaliza." Hakubishana na mimi. Akatoa karatasi yenye sentensi tano, akanisomea polepole. Katika wiki mbili zilizopita nimejisikia mchangamfu. Nimekuwa mtulivu. Nimekuwa na nguvu. Nimeamka nikiwa nimepumzika. Siku zangu zimekuwa na mambo yanayonivutia. Kila sentensi unaipa namba, kuanzia 0 kama haijatokea kabisa hadi 5 kama ni muda wote.

Kwenye ile ya kuamka nimepumzika nilisema 0. Kwenye ya mambo yanayonivutia nilinyamaza, machozi yakaanza kutoka. Sikuwa nalia kwa huzuni ya kitu fulani. Ni kwamba nilikuwa natafuta kitu kimoja kilichonivutia wiki mbili zile na sikukipata.

Nilipata 9 kati ya 25. Wanazidisha mara nne, ikawa 36 kati ya 100. Akaniambia ukifika 50 au chini yake, inabidi uangaliwe vizuri zaidi. Halafu akaniuliza ilianza lini. Sikujua. Inakuwa vibaya siku gani? Sikujua. Kuna siku inakuwa nafuu? Nikasema hakuna. (Hili la mwisho nilikuja kugundua si kweli hata kidogo.)

Akanishauri niwe naandika kila siku. Nikaanza kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, pembeni ya tarehe naweka namba na neno moja. Wiki ya tatu wifi yangu alikuja dukani, akafunua daftari kutafuta vipimo vyake, akasoma. Siku ya pili ukoo mzima unajua mke wa kaka yao "ana matatizo ya kichwa". Nikaacha kuandika.

Baadaye nikapata akili ya kazi yangu. Nilikuwa na kipande cha amerikani kimebaki. Kila jioni kabla sijafunika cherehani nachukua sindano ya mkono natia mshono mmoja mfupi. Njano, siku nyepesi. Kijani, kawaida. Bluu, nzito lakini kazi imeenda. Nyeusi, siku ya kujiburuza, sitaki hata kuitikia hodi. Mishono saba inafanya mstari, mstari ni wiki. Nikiwa nimelala chini ya masaa matano, natia kifundo juu ya mshono. Kila anayekiona anadhani ni urembo wa kitambaa cha meza.

Sasa niwaambie nilichokiona, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Kumbe siyo Januari inayonimaliza. Maisha yangu yote nimesema Januari, kwa sababu ya ada na biashara kukauka. Kwenye kitambaa nyeusi zinaanza wiki ya tatu ya Novemba na Desemba ndiyo imejaa. Desemba! Mwezi ambao Moshi yote inachangamka, watu wamerudi nyumbani kutoka Dar na kwingine, na mimi nina pesa kuliko mwezi wowote. Januari yenyewe ni bluu, na mwisho wake kijani inarudi. Na ukitazama vizuri, vifundo vinatangulia. Vinakuja vifundo vitatu, vinne mfululizo, nalala saa nane usiku nikimaliza oda na kuamka saa kumi na moja, halafu ndipo nyeusi inaingia. Nilikuwa nalaumu umaskini wa Januari kumbe ni usingizi wa Desemba.

La pili ni Jumatano. Jumatano tuna kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana. Mngeniuliza ningewaambia kikoba kinanichosha, wanawake maneno mengi, na kila Jumatano mchana natafuta kisingizio cha kutokwenda. Kwenye kitambaa Jumatano ni nguzo ya njano na kijani kutoka juu hadi chini, hata katikati ya Desemba. Nilipoona hivyo nilikaa chini kabisa.

La tatu ni la kike, nitalipitia haraka. Siku mbili tatu kabla ya hedhi ni bluu karibu kila mwezi. Tangu Juni mpangilio umevurugika na jasho la usiku limeanza.

Nilirudi kwa daktari na kitambaa. Alikitandaza mezani, akakifuata kwa kidole mstari kwa mstari, hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema, "Mama, hii ndiyo historia ya mgonjwa." Akapima damu, ikakutwa pungufu. Akaniambia pia kwamba nina sonona, ule uzito wa moyo unaokaa siku nyingi, akanieleza ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, akanipeleka kwa mshauri niliyekuwa nakutana naye kila baada ya wiki mbili. Mwezi uliopita nilijaza tena yale maswali matano. 17, yaani 68.

Nimemaliza. Natamani kusikia wenzangu. Kuna mwingine anayefuatilia siku zake kwa namna yoyote?

---

Baba Watatu

Dada fundi, pole sana kwa yaliyokupata na hongera kwa kupona. Lakini niseme ninachoamini. Mimi naona kujipima moyo kila siku ni kukaribisha mawazo. Kidonda ukikifunua kila saa kutazama kama kimepona, hakiponi. Wazee wetu waliamka, wakaenda shambani, jioni wakakaa na wenzao, basi.

---

Cherehani ya Mbuyuni

Kaka, asante, na sehemu moja uko sahihi kabisa. Kuna mwezi niliamua kutia mishono mitano kwa siku ili nijue zaidi. Ilinivuruga. Nikawa nakaa na mteja huku najiuliza, sasa hivi ni bluu au kijani? Nilirudi kwenye mmoja, inachukua dakika, nakunja, naweka kabatini, sikitazami mpaka mwisho wa mwezi. Faida iko kwenye mwezi. Siku moja moja haisemi kitu.

Kuhusu wazee, hiyo jioni ya kukaa na wenzao ndiyo ile Jumatano yangu. Wao walikuwa nayo kila siku.

---

Dereva wa Sakina

Nipo Arusha, naendesha wageni mbugani. Nimesoma yote nikiwa kwenye foleni ya kuosha gari.

Mimi naweka nukta kwenye kalenda, mwaka wa pili huu. Nilianza kwa sababu mke wangu alisema, "Wewe ukirudi safari unakuwa mtu mwingine siku tatu." Nikakataa. Nikasema nitamwonyesha.

Kumbe yeye ndiye alikuwa sahihi. Siku ninayowashusha wageni uwanja wa ndege wa KIA niko juu, nimepewa asante, nimepewa bahshishi. Kesho yake na keshokutwa nukta ni nyekundu. Karibu kila safari. Siku nane unaamka saa kumi na moja, unaongea, unatafuta simba, watu sita wanakutegemea kwa kila kitu. Halafu ghafla uko sebuleni na hakuna anayekuuliza swali. Zamani nilikuwa naona nyumba ndiyo yenye kasoro, nikawa mkali kwa watoto. Sasa nimewaambia wote: baba akirudi mwacheni siku moja alale, ya pili tunatoka wote.

La pili ni bia. Nilikuwa nakunywa ili nilale. Nikaanza kuandika na hizo. Usiku wa bia nne nalala haraka, nashtuka saa nane, na kesho ni nyekundu hata kama hapakuwa na shida yoyote. Kalenda haikunihubiria, ilinionyesha tu. Nimepunguza.

Aprili na Mei, msimu ukiwa chini na mvua ya masika, nilitegemea nyekundu tupu. Siyo mbaya kama nilivyodhani. Mbaya ni pale simu za ofisi zinapokuwa haziji na mimi niko peke yangu. Nikiwa nalima kule Ngaramtoni na baba mkwe, hata bila shilingi mfukoni, nukta ni nzuri.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mama fundi shikamoo. Naongeza kidogo upande wa hospitali ili watu wasichanganye.

Yale maswali matano yalitoka Shirika la Afya Duniani mwaka 1998. Yanapima ustawi, yaani kama mtu yuko vizuri, na ndiyo maana sentensi zote ni za upande mzuri. Hayatoi jina la ugonjwa. Yakiwa chini, mara nyingi tunatumia mengine tisa, yaliyochapishwa mwaka 2001, yanayouliza dalili za sonona zenyewe: kukosa hamu, usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai, na kadhalika. Kila moja 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 tunafuatilia kwa karibu. Yote mawili yametafsiriwa kwa Kiswahili na huhitaji kipimo cha damu wala mashine. Hata hivyo namba peke yake si majibu, ni lazima mtu akae na wewe.

Naomba pia tusiseme kila uzito ni sonona. Damu pungufu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sukari, hata baadhi ya dawa zinaweza kukufanya uchoke na ukose raha vilevile. Na kwa mama wa 46, hilo jasho la usiku lisemwe. Wanawake wengi wanakoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na katika miaka inayotangulia, usingizi na moyo huyumba. Wengi wanaona aibu kulitaja, wanapewa dawa ya taifodi.

Sonona tunaisema pale hali inapokaa siku nyingi, karibu kila siku, wiki mbili au zaidi. Sasa mgonjwa akija na kusema "kawaida tu", mimi nitajuaje? Kitambaa kile ni msaada mkubwa kwetu.

---

Mwanachuo

Shikamoo mama. Nasoma saikolojia, nilikulia Moshi, Rau. Nimeguswa na hili la Januari na Desemba kwa sababu ndilo tunalofundishwa darasani na sikuwahi kuliona kwa mtu halisi.

Miaka ya 1970 kule Chicago, Mihaly Csikszentmihalyi na wenzake waliwapa watu kifaa kidogo cha kuita, kinalia wakati wowote mchana, nawe unaandika hapo hapo unafanya nini na unajisikiaje. Sababu ni kwamba ukimuuliza mtu mwisho wa wiki, anakujibu kwa anachoamini kuhusu maisha yake. Daniel Kahneman naye alionyesha kwamba tukikumbuka jambo tunachukua kilele chake na mwisho wake, urefu wake tunausahau. Nadhani ndiyo maana Januari ilipewa lawama. Ulikuwa unaikumbuka kwa siku ya ada.

Ushauri mmoja tu: mshono wa jioni unaweza kuchukua rangi ya saa ya mwisho. Jaribu kujiuliza na saa nne ya chai, siku chache tu, ulinganishe.

---

Cherehani ya Mbuyuni

Marahaba mwanangu, na marahaba nesi, Mungu awabariki.

Mwanachuo, nimelijaribu hilo kabla sijakujibu, siku nne. Ni kweli. Jana asubuhi yote nilikuwa mwepesi, nilikata gauni gumu likakaa vizuri. Saa kumi na moja mteja akakataa kulipa kilichobaki. Jioni mkono ulienda moja kwa moja kwenye uzi mweusi. Nikasimama. Nikatia kijani.

---

Mwanachuo

Mama, kuna kingine kinachohusu kazi yako. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Harvard, Killingsworth na Gilbert, walitumia simu kuwauliza watu wazima 2,250 wakati wowote wa siku: unafanya nini, na akili yako iko kwenye unachofanya? Karibu nusu ya muda ilikuwa kwingine. Na walipokuwa kwingine, kwa wastani, walikuwa na furaha kidogo kuliko walipokuwa kwenye kazi yenyewe.

---

Cherehani ya Mbuyuni

Hili nalielewa. Pindo la sketi mikono inashona yenyewe, na hapo ndipo akili inapokwenda Dar kwa mwanangu, inakwenda kwa deni, inakwenda kwa marehemu mama. Kukata kitambaa huwezi, ukiwaza umeharibu. Nitaanza kukata saa nane mchana, ndiyo saa yangu mbaya.

---

Mama Pasua

Watoto wangu, mimi nina miaka 67. Sisi tuliita "mawazo". Fulani ana mawazo. Ilikuwa inatosha, watu wanajua wakusaidie vipi: mmoja analeta maziwa, mwingine anakaa na wewe hata bila kuongea. Sasa kuna majina mengi na watu wachache wa kukaa. Naomba mnaoandika rangi mwandike pia nani alikuja siku hiyo.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Shikamoo mama. Umenikumbusha Zimbabwe. Kule kwa Kishona wanasema "kufungisisa", maana yake kuwaza kupita kiasi, ni hiyo hiyo "mawazo" yenu. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kule Mbare, Harare, na bibi 14. Akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu atatue tatizo moja baada ya jingine, wakikaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Zanzibar nako mabenchi hayo yamefika. Ukitaka kazi mama, ningekuweka wa kwanza hapa Moshi.

---

Kimya

Nimesoma kuanzia juzi bila kuchangia. Nina miaka 31, Arusha. Hakuna rangi kwangu, ni nyeusi tangu Pasaka. Nimetafuta yale maswali tisa aliyoyasema nesi. Nimepata 21. Lile la mwisho, la kufikiria ni heri usiwepo, nimeweka 3. Sijui kwa nini naandika hapa.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Umefanya vizuri sana kuandika, na nakujibu wewe kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Swali hilo la mwisho likiwa na chochote zaidi ya 0, hatungoji wiki, tunakwenda leo. Hospitali ya mkoa ya Mount Meru ina watu wa afya ya akili. Ukifika nje ya muda wa kliniki ingia mapokezi ya dharura, sema maneno hayo hayo uliyoandika hapa, usiyapunguze. Usiseme "kawaida tu". Uko na nani sasa hivi?

---

Kimya

Peke yangu. Kaka yangu anaishi Kijenge.

---

Cherehani ya Mbuyuni

Mwanangu, mpigie kaka sasa. Usimweleze kitu kirefu, mwambie tu "njoo unichukue". Ukishampigia rudi hapa uniambie. Nimefunga duka, nimekaa na simu mkononi.

---

Dereva wa Sakina

Niko mjini na gari. Kaka yake asipopokea, nesi niandikie pembeni, nafika popote alipo.

---

Kimya

Amepokea. Anakuja na bodaboda.

---

Kimya

Tumefika. Tupo kwenye benchi, kaka kashika karatasi. Amesoma uzi wote njiani, hakusema kitu, amenishika mkono tu.

---

Cherehani ya Mbuyuni

Niko hapa. Mkiitwa, muingie wote wawili.